Lamadi, Shingo Baina ya Ziwa na Mbuga

Mwaka 1870 jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia ya London lilichapisha orodha ndefu ya vituo vya misafara ya Afrika Mashariki. Aliyeipeleka ni Thomas Wakefield, mmisionari wa Kimethodisti aliyekaa Ribe, jirani na Mombasa. Mwenye maneno, hata hivyo, alikuwa Sadi bin Ahedi, mzaliwa wa karibu na Gazi, mtu wa misafara aliyezoea kwenda bara na kurudi. Sadi alitaja kambi baada ya kambi, siku baada ya siku, na watu wa kila nchi aliyoipita. Barabara, kwa maana tunayoijua leo, haikuwapo. Kilichokuwapo ni kumbukumbu iliyopangwa kwa mizani ya miguu ya wapagazi, na msomaji aliyelelewa na tenzi ataitambua mara moja sanaa hiyo ya kuhifadhi masafa kwa kuyataja.

Njia alizozieleza Sadi zilianzia pwani ya kaskazini na kuikata nchi ya Wamasai. Njia kuu nyingine, ile ya Bagamoyo, ilikwenda Unyanyembe, kwenye Tabora ya leo, na kutoka huko tawi lake moja likapanda kaskazini kupitia Usukuma hadi kusini mwa ziwa. Baina ya njia hizo mbili ilibaki pembe ya nchi ambayo msafara wa pwani haukuwa na sababu kubwa ya kuifikia: ncha ya mashariki ya ghuba inayoitwa Ghuba ya Speke. Hapo ndipo ulipo leo mji wa Lamadi, katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu.

Atazamaye ramani ataona haraka kwa nini pembe hiyo, iliyoachwa kando na misafara, imekuja kuwa mahali pasipoepukika. Magharibi ni maji. Mashariki ni Hifadhi ya Serengeti, ambayo upande huo imenyoosha mkono mrefu kuelekea ziwani hata zikabaki kilomita chache tu baina ya ncha yake na ufuko. Gari litokalo Mwanza kwenda Bunda, Musoma, Tarime na mpaka wa Kenya pale Sirari linapenya katika shingo hiyo nyembamba. Na hapo Lamadi, kabla shingo haijabana kabisa, ndipo inapochomoka barabara ya pili, ile inayopanda Bariadi na Maswa na kwenda kuikuta barabara ya Shinyanga na Mwanza pale Mwigumbi. Habari za njia panda hiyo zimekuwa daima habari za shingo: nani apite, nani azuiwe, na gharama ya kupita aibebe nani.

Wageni wa kwanza waliouandikia ulimwengu habari za ghuba hii walikuja na watu wa pwani. John Hanning Speke alipoyaona maji ya Nyanza karibu na Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, kiongozi na mkalimani wake. Waarabu wa Tabora walikuwa wameshalitaja ziwa hilo kwa jina la Ukerewe, na wenyeji waliliita Nyanza tu, yaani maji makuu. Speke akalibandika jina la malkia wake. Miaka 17 baadaye, Machi 1875, Henry Morton Stanley aliondoka Kageyi, kusini mwa ghuba, kwa mashua iitwayo Lady Alice. Mashua hiyo ilikuwa imebebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi tangu Bagamoyo, ikaunganishwa ufukoni. Mshika usukani alikuwa Wadi Safeni, Mngwana wa Zanzibar. Kwa hiyo mtu aliyeizungusha mashua ile katika ncha ya mashariki ya ghuba, mbele ya ufuko wa Lamadi ya leo, alikuwa mtu wa kisiwani. Jina lililobaki katika ramani ni la Speke, nalo alilipachika Stanley.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 wamisionari wa Kianglikana walijenga kituo Nassa, juu ya ghuba hiyohiyo, katika nchi ambayo leo ni Busega. Mwaka 1909 kituo kikapokewa na African Inland Mission. Kwa muda mrefu Nassa ndiyo iliyojulikana upande huu, wala si Lamadi. Wakati huo usafiri wa ghuba ulikuwa wa majini. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli zikaanza kuzunguka bandari za ziwa. Mzigo wa Mwanza na Musoma ulikwenda Kisumu, kisha Mombasa. Reli ya Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mzigo ukapata mlango wa pili, wa kutokea Dar es Salaam. Milango yote miwili ilikuwa mbali na Bariadi. Nchi ya Ntuzu, yenye ng'ombe na mashamba na watu wengi, ilibaki ndani, nayo ilihitaji njia ya kuufikia mlango mmojawapo.

Pamba ndiyo iliyoilazimisha njia hiyo. Wakati wa Waingereza watemi waliamrishwa kutoa watu wa kulima barabara, na kila mavuno yalipoongezeka ndivyo lori lilivyozidi kuingia ndani. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliunda shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima. Mkulima alipeleka pamba yake chamani, chama kikaipeleka kinuni, na kutoka kinuni ikatoka robota kwa robota. Mlolongo wote huo ulitegemea vumbi la njia. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vya ushirika, ikaja kuvirudisha katika miaka ya 1980, na wakulima wa Usukuma hawajasahau hesabu ya miaka hiyo.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye neno. Msomaji wa pwani akisikia "mbuga" huwaza wanyama: uwanda, twiga, nyumbu. Msukuma akisema mbuga aghalabu anataja udongo, ule mweusi mzito wa mabondeni unaoshika maji. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu. Mvua ikinyesha huvimba, hulainika, hunata. Mkulima anaujua kwa mazao yake, mhandisi anaujua kwa hasara yake, kwa kuwa barabara iliyojengwa juu yake bila kuuchimba na kuuondoa hupanda na kushuka kama kifua cha mtu anayehema. Nchi hiyo iliyomwita dereva wa lori kuja kuchukua pamba ndiyo iliyomzamisha magurudumu. Hata safari moja ya kwenda hospitali ya mkoa, wakati wa masika, ilikuwa jambo la kupigiwa dua. Mtu asiyejua maana hii ya pili ya neno mbuga hawezi kuelewa kwa nini watu wa Bariadi waliidai lami miaka mingi hivyo.

Nao hawakuidai kimya. Usukuma ni nchi ya malenga wa ngoma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji vinavyoshindana kila msimu wa mavuno, vimelea watunzi ambao pwani tumewajua kidogo mno. Mwanamuziki na mtafiti Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 mkusanyiko wa nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, za kilimo, za uwindaji, na za wapagazi waliobeba mizigo hadi pwani. Yaani njia ileile aliyoihesabu Sadi kwa vituo, upagazi wa kwenda baharini, ilikuwa na upande wake wa pili ulioimbwa Kisukuma. Itakuwa kazi njema siku moja kuziweka pande hizo mbili katika kitabu kimoja kwa Kiswahili.

Turudi kwenye shingo. Isidhaniwe kwamba mpaka baina ya mashamba na wanyama upande huu ni wa tangu na tangu. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki. Palipokuwa malisho pakaota kichaka, na kichakani akaingia mbung'o. Vizazi vilivyofuata vya Wasukuma vilisonga mashariki kwa shoka na jembe, wakifyeka na kurudisha ardhi mikononi mwa watu. Serikali ya kikoloni nayo ikahimiza ufyekaji huo, Shinyanga hasa, kwa ajili ya kumfukuza mbung'o. Kisha mwaka 1951 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mwaka 1959 mipaka yake ikapangwa upya. Shoka likasimama pale ulipochorwa mstari. Lamadi ikawa na lango jirani, Ndabaka, kaskazini mwake kidogo, na ndiyo maana leo mji wa wavuvi wa dagaa na wachuuzi wa stendi una pia hoteli za watalii.

Barabara ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi na Lamadi ina urefu wa kilomita 171.8. Lami yake ilianzia upande wa ziwa: kipande cha Lamadi hadi Bariadi, kilomita 71.8, kinachopita Dutwa, kilifunguliwa na Rais John Magufuli Januari 2017. Vipande vilivyobaki, Mwigumbi hadi Maswa kilomita 50.3 na Maswa hadi Bariadi kilomita 49.7, vilifuata baadaye. Kabla ya hapo, mwaka 2012, ulikuwa umezaliwa Mkoa wa Simiyu. Hadi mwaka huo Lamadi ilikuwa ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, na Bariadi ilikuwa ya Shinyanga. Njia hiyo ilikata mpaka wa mikoa miwili, na kila mkoa ulikuwa na barabara nyingine za kutangulizwa. Mkoa mpya uliipa barabara wenyewe. Ni vigumu kusema kama mkoa ndio ulioleta lami au kiu ya lami ndiyo iliyoleta mkoa, ila wanasiasa wa pande hizo wamejua kuvitumia vyote viwili.

Lami ilipokaribia, ulikuwapo mjadala mkubwa zaidi uliosikika hadi Ulaya na Marekani. Serikali ilikusudia kujenga barabara ya kuunganisha Arusha na Musoma kwa kuikata Serengeti upande wa kaskazini. Desemba 2010 shirika moja la Kenya la kutetea wanyama, African Network for Animal Welfare, lilipeleka shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na Juni 2014 mahakama ikaizuia serikali kujenga barabara ya lami kupita hifadhini. Waliofurahi walikuwa wengi, na hoja yao ilikuwa na uzito: nyumbu zaidi ya milioni moja huhama kila mwaka kufuata majani na maji. Lakini aliyekaa Musoma au Bariadi aliuliza swali lake la haki. Mtu wa kanda hiyo aendaye Arusha ama azunguke kusini kwa Shinyanga na Singida, ama apande basi linalokata hifadhi na alipe kiingilio juu ya nauli. Jibu lililotolewa ni njia ya kusini: Karatu, Mbulu, Haydom, daraja la mto Sibiti, Lalago, hadi Maswa. Mwaka 2023 mikataba ya ujenzi wake ilitiwa saini, kwa urefu wa kilomita 389. Siku itakapokamilika, mzigo wa Arusha kwenda ziwani utaingia Maswa, utapita Bariadi, na utateremka Lamadi.

Wanyama nao wamepewa njia yao, na gharama yake ina majina ya mitaa. Kaskazini ya Lamadi, ndani ya Wilaya ya Bunda, iko kata ya Nyatwali, iliyokaa juu ya ghuba, mkabala wa ncha ya hifadhi. Kwa miaka mingi tembo wamekuwa wakitoka na kuingia mashambani humo wakitafuta maji. Katika miaka hii ya 2020 serikali iliamua kwamba wakazi wa kata hiyo wahame ili hifadhi ipate mlango wa kufika ziwani. Wenyeji walibishania kiwango cha fidia, hesabu ya ekari na ya miti, na makaburi ya wazee wao. Hata hivyo kuhamishwa kwa watu hakuifuti barabara. Lango la Ndabaka liko mashariki mwake, ziwa liko magharibi, na lami ya Mwanza na Musoma imelala katikati. Nyumbu atakayeshuka kunywa maji atasubiri kwanza lipite basi la Sirari.