Spishi Shabihi, si Spishi za Siri

Orodha ya istilahi iliyonifikia hapa Kayanga mkononi mwa mwalimu mmoja wa Biolojia, ikiwa na muhuri wa kamati ambayo adabu hainiruhusu kuitaja, imeziita zile spishi, kama za konokono, zenye maganda mamoja na nasaba mbalimbali “spishi za siri”. Nami, niliyelitetea neno jingine hata nikaitwa mkaidi, sina budi kusema kwamba jina hilo halifai.

Siri, kwa asili yake ya Kiarabu na kwa matumizi ya wenyeji wa pwani, ni jambo lenye mwenyewe: yupo aifichaye na yupo afichwaye, ndiyo maana siri hutunzwa na huvuja. Konokono wa chemchemini hana alichokificha. Wanaosema “spishi fiche” wamelipunguza kosa bila kuliondoa, kwani kiumbe hakujificha. Ni sisi tuliomtazama juu juu.

Shabihi ni neno la insafu zaidi. Mtoto humshabihi babaye, wala hapana msikilizaji adhaniye kuwa wawili hao ni mtu mmoja. Na tashbihi ya washairi husimama juu ya vitu viwili mbalimbali, kwani vingekuwa kimoja, tashbihi ingebatilika. Karagwe na Kyerwa zinashabihiana kwa vilima na migomba, nazo tangu mwaka 2012 ni wilaya mbili. Sijasikia mtu akiiita Kyerwa wilaya ya siri.

Maumbile yenyewe yananishuhudia. Konokono Bulinus truncatus na Bulinus tropicus wote wawili wana ganda lililopinda kushoto, na kwa ganda peke yake hata mjuzi huteleza. Lakini ukimpasua truncatus mara nyingi humkuti na uume, na ukizihesabu kromosomu zake ni 72, hali tropicus anazo 36. Huko Zanzibar, Bulinus globosus ndiye abebaye kichocho cha mkojo, na mwenziwe nasutus, anayemshabihi mno, habebi; katika miaka ya 1990 vipimo vya jeni vikasaidia kuwatenganisha. Kadhalika konokono wa chemchemi wa Marekani wa jenasi Pyrgulopsis, ambao wengi wao ni wadogo mno, Robert Hershler wa Taasisi ya Smithsonian aliwabainisha kwa tezi za uume wa dume, kisha jeni za mitokondria zikaletwa kuwa shahidi wa pili. Ndani ya visa vyote hivi sioni siri. Naona mshabaha uliokaguliwa.

Nimeambiwa, na mtu ambaye elimu yake naiheshimu kuliko masikio yake, kwamba neno langu “lina Kiarabu kingi”. Namwuliza bwana huyo: hiyo “siri” yake aliitoa wapi?

Kwa matumizi, neno halibadiliki katika wingi: spishi shabihi moja, spishi shabihi mbili, hali yenyewe ni ushabihi.

Basi nawasihi walimu wa Karagwe na Kyerwa, ambao wanafunzi wao huokota konokono mabondeni kuelekea mto Kagera, walifute lile neno la orodha kwa kalamu nyekundu, waandike shabihi, wala wasingoje kikao cha kamati.