Mwanga na Taa kwa Tarantula wa Kufugwa

Tarantula ni buibui wakubwa wenye manyoya wa familia ya Theraphosidae, yenye spishi zaidi ya 1,000 katika nchi za joto. Baadhi yao hufugwa majumbani, hasa Ulaya, Marekani na Asia, wakiwamo wenye asili ya Tanzania. Swali la kama wanahitaji taa hutokana na mazoea: matangi ya samaki wa mapambo na ya mijusi huwa na taa, na anayehamia kwenye buibui hudhani utaratibu ni uleule. Kwa ufupi, tarantula hahitaji taa. Anahitaji kupambanua mchana na usiku, jambo ambalo mwanga wa kawaida wa chumbani unalitosheleza, na anahitaji mahali penye giza pa kujificha. Maisha ya jamaa zake porini, katika mazingira kama ya pwani ya Kilwa na Lindi, yanaonyesha sababu.

Tarantula wa Afrika Mashariki

Tarantula wengi wa ukanda huu ni wa nusufamilia ya Harpactirinae. Anayejulikana zaidi kwa wafugaji ni Pterinochilus murinus, aliyeelezwa kisayansi na Reginald Innes Pocock mwaka 1897. Makazi yake yanaanzia Kenya na kupita Tanzania hadi Msumbiji, Malawi, Zambia na Zimbabwe. Rangi yake hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Wale wa rangi ya chungwa, wanaohusishwa na milima ya Usambara, ndio wanaopendwa zaidi na wafugaji wa ng'ambo.

Jamaa yake, Pterinochilus chordatus, alielezwa mapema zaidi, mwaka 1873, na Adolf Gerstaecker wa Ujerumani, aliyechambua wanyama waliokusanywa katika safari za Baron Carl Claus von der Decken. Tarantula mwingine wa ukanda huu ni Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania, mchimbaji wa mashimo marefu, aliyeelezwa na Ferdinand Karsch mwaka 1885.

Tarantula wa Afrika hawana manyoya ya kuwasha ambayo jamaa zao wengi wa Amerika huyapangusa tumboni na kumrushia adui. Kinga yao ni kukimbilia shimoni, na wakizibiwa njia husimama kwa miguu ya nyuma na kutoa meno. Sumu ya Pterinochilus huleta maumivu makali. Kwa hiyo mnyama anayeghadhibishwa na mwanga mkali ni hatari pia kwa mkono wa anayemhudumia.

Mwanga katika pwani ya Kilwa na Lindi

Kilwa Masoko iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta na mji wa Lindi karibu nyuzi 10. Katika ukanda huo mchana haubadiliki sana: tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni ni saa moja na dakika chache tu. Kinachobadilika zaidi ni mvua na upepo. Mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha Mei, kisha hufuata kiangazi cha kusi, majani hukauka na moto hupita katika miombo na vichaka.

Bara ya miji hiyo ni nchi ya miombo, mipingo na vipande vya misitu ya pwani, kama vile Litipo na Rondo. Katika mazingira ya namna hii Pterinochilus huishi ndani ya mashimo, chini ya magogo na mawe, au katika matundu ya miti. Huzungushia mlango utando mzito unaoingia ndani kama bomba. Jua la saa sita linaweza kuchoma udongo wa juu hadi usikanyagike kwa mguu mtupu, lakini kadiri shimo linavyoteremka ndivyo joto linavyopungua na unyevu unavyobaki. Mwanga unaofika chini ni mfifio tu unaotoka mlangoni.

Mchana buibui hukaa ndani. Giza likiingia husogea hadi ukingoni, huweka miguu ya mbele juu ya utando, kisha hungoja. Panzi, mende au nyenje akigusa utando, mtikisiko humfikia buibui kupitia miguuni, naye humrukia bila kulazimika kumwona. Majike hukaa katika shimo moja kwa muda mrefu. Madume waliokomaa ndio hutoka usiku na kutangatanga wakitafuta majike, na hao ndio wanaokutwa barazani au ukutani.

Macho na saa ya mwilini

Tarantula ana macho manane madogo yaliyokusanyika kwenye kinundu kimoja juu ya kichwa. Hayatoi picha safi kama ya buibui warukaji. Hupambanua giza na mwanga, na vivuli vinavyopita. Utafiti wa Dahl na Granda uliochapishwa mwaka 1989 juu ya Aphonopelma chalcodes wa jangwa la Arizona ulionyesha kuwa macho hayo huitikia zaidi mwanga wa urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 500, yaani kijani-buluu, na pia karibu nanomita 370, ambayo ni mionzi ya urujuanimno. Mwanga mwekundu huyahisi kwa udhaifu sana.

Mwaka 2020 Saoirse Foley na wenzake walionyesha kuwa tarantula wana karibu aina zote za protini za kupokea mwanga zinazopatikana kwa buibui warukaji, ambao ni mabingwa wa kuona rangi. Basi si sahihi kusema kuwa tarantula ni kipofu. Anauona mwanga vizuri kiasi cha kuukimbia, na mfululizo wa mchana na usiku huongoza nyakati za kutoka na kurudi kwake.

Aina za taa na athari zake

Taa za urujuanimno hutumiwa kwa mijusi na kobe kwa sababu miili yao hutengeneza vitamini D kwa mionzi hiyo, nayo huwasaidia kutumia kalisi katika mifupa. Tarantula hana mifupa, na taa hiyo haimfaidii kitu. Zaidi ya hapo, macho yake huihisi mionzi hiyo ambayo binadamu haioni, hivyo taa inayoonekana hafifu kwa mfugaji inaweza kuwa kali kwa buibui.

Taa za joto zina madhara makubwa zaidi kwa sababu hukausha udongo na hewa ya kasha. Katika baadhi ya viungo vya miguu, buibui hana misuli ya kunyoosha. Hunyoosha mguu kwa kusukuma damu ndani yake. Mwili ukipungukiwa maji, msukumo huo hushuka. Tumbo hunywea, miguu hujikunja chini ya kifua na buibui hushindwa kutembea. Hatari huongezeka anapojivua gamba, kwa kuwa bila maji ya kutosha hunasa katika gamba la zamani.

Taa za LED hazina joto kali na hufaa pale kasha linapooteshwa mimea hai. Sharti ni kuacha upande wenye kivuli, kuweka gome la mti au nusu ya kifuu cha nazi pa kujificha, na kuzima taa usiku. Taa nyekundu hafifu hutumiwa na wafugaji wanaotaka kumtazama buibui akiwinda usiku bila kumshtua.

Jua la dirishani halifai kabisa. Kasha la kioo au plastiki lililofunikwa hunasa joto haraka, na katika mji wa pwani kama Lindi muda mfupi wa jua la mchana unatosha kuua buibui aliyeshindwa kufikia kivuli.

Joto badala ya mwanga

Katika ukanda wa pwani ya kusini mwa Tanzania, joto la kawaida la chumba huzitosha spishi za Afrika Mashariki mwaka mzima. Huko Ulaya, kwa mfano Berlin, hali ni nyingine. Mchana wa Desemba ni wa saa 8 hivi, wa Juni hukaribia saa 17, na nyumba isiyopashwa joto wakati wa baridi haifai. Hata huko buibui hufa kwa baridi au ukavu, si kwa kukosa taa. Wafugaji wazoefu hupasha chumba kizima, au huweka mkeka wa joto ubavuni mwa kasha. Hauwekwi chini, kwa sababu buibui anayekimbia joto huchimba kwenda chini na angejikuta analifuata.

Sheria ya biashara

Tarantula wengi wa Tanzania wanaouzwa ng'ambo leo huzalishwa hukohuko. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na mwaka 2021 ikaendeleza marufuku hiyo. Tangazo la Juni 2022 la kuifungua biashara hiyo kwa muda lilisitishwa ndani ya siku chache. Anayemkuta tarantula shambani Kilwa au Lindi hana sababu ya kumchimbua wala kumuua: hula wadudu, havamii watu, na akiachiwa njia hurudi shimoni mwenyewe.

Kwa anayefuga, kinachotakiwa ni udongo wa kutosha kuchimba, kificho, kisahani cha maji safi, na chumba chenye mchana na usiku wa kawaida. Taa ni ya hiari, na ikiwekwa huwa kwa ajili ya mtazamaji au mimea.