Nyasura na Ukanda wa Magharibi wa Serengeti: Jinsi Biashara za Utalii Zilivyofunguliwa Upya Wakati wa UVIKO-19

Kata ya Nyasura ni miongoni mwa kata za Halmashauri ya Mji wa Bunda mkoani Mara, mji uliopo kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kupitia Musoma hadi mpaka wa Sirari. Katika barabara hiyo hiyo, kusini mwa mji, lipo lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa Serengeti. Upande wa mashariki, barabara ya Nata huwafikisha wageni Ikoma. Umbali mfupi kaskazini ipo Butiama, yalipo Makumbusho ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere pamoja na kaburi lake huko Mwitongo.

Kwa wakazi wa kata kama Nyasura, utalii hauishii hotelini. Mgeni anayelala hifadhini humpa kazi mkulima wa mboga, mvuvi wa Ziwa Victoria, fundi wa magari, dereva wa bodaboda, mama lishe na mwenye nyumba ya kulala wageni. Wengi wa watu hao hawana leseni ya utalii wala hawajioni kuwa wadau wa sekta hiyo. Janga la UVIKO-19 lilidhihirisha kuwa nao wamo, na kwamba hatua za kufufua utalii hupimwa kwa namna zinavyowafikia wao pia.

Hali ilivyokuwa mwaka 2020

Mgonjwa wa kwanza wa virusi vya korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Shule zilifungwa na mikusanyiko ikazuiwa, ingawa hapakuwa na amri ya kufunga nchi nzima. Pigo kubwa kwa utalii lilitokana na kukatika kwa safari. Mataifa wanakotoka wageni wengi yalizuia raia wake kusafiri, mashirika ya ndege yakaondoa safari zake, na katikati ya Aprili Tanzania ikasitisha ndege za abiria za kimataifa. Tarehe 16 Mei, 2020 Kenya nayo ilizuia abiria kuvuka mpaka wake na Tanzania isipokuwa magari ya mizigo, hivyo njia ya Sirari ikapoteza wageni wake.

Muda huo ulikuwa mbaya zaidi kwa ukanda wa magharibi. Kwa kawaida, kati ya Mei na Julai makundi ya nyumbu huelekea upande huo na kuvuka Mto Grumeti, nao ndio msimu ambao wenye biashara wa Bunda huutegemea kulipa madeni na ada za shule. Msimu wa mwaka 2020 nyumbu walipita kama kawaida, lakini watazamaji walikuwa wachache mno.

Kitaifa, idadi ya watalii wa kimataifa ilishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, sawa na upungufu wa asilimia 59.3. Mapato ya fedha za kigeni yaliyokuwa takribani Dola za Marekani bilioni 2.6 mwaka 2019 yalipungua kwa kiasi kikubwa zaidi. Duniani kote, safari za watalii wa kimataifa zilipungua kwa zaidi ya asilimia 70 mwaka huo.

Masharti ya kufungua milango

Tarehe 18 Mei, 2020 Serikali iliondoa zuio la ndege za abiria za kimataifa. Wizara ya Maliasili na Utalii, kwa kushirikiana na Wizara inayosimamia Afya, ilitoa mwongozo wa kitaifa wa utoaji huduma za utalii wakati wa janga. Mwongozo ulihusu mnyororo mzima wa huduma: viwanja vya ndege, magari ya watalii, hoteli, migahawa, malango ya hifadhi na waongoza watalii. Baadaye mwaka huo, Tanzania ilipata muhuri wa safari salama unaotolewa na Baraza la Utalii na Usafiri Duniani.

Kwa mwenye biashara ndogo, masharti ya msingi yalikuwa haya:

– Kuweka maji tiririka na sabuni, au vitakasa mikono, mlangoni na katika maeneo ya kulia chakula.
– Kupima joto la mwili la wageni na wafanyakazi, na kuwa na utaratibu wa kumtenga mwenye dalili na kutoa taarifa kwenye kituo cha afya.
– Kutakasa vyumba, vitasa, meza na viti vya magari kila baada ya mgeni kuondoka.
– Kuacha nafasi kati ya mtu na mtu, na kuvaa barakoa pale nafasi hiyo isipowezekana.
– Kutunza kumbukumbu za wageni ili wafuatiliwe kwa urahisi ikihitajika.

Masharti haya yaliongeza gharama wakati mapato hayapo. Hata hivyo, mengi yaliweza kutimizwa kwa vifaa vya kawaida: ndoo yenye koki, sabuni ya kipande, daftari la wageni na madirisha yaliyoachwa wazi. Nyumba ya kulala wageni ambayo haikuwa na daftari linaloeleweka kabla ya janga ndiyo iliyopata shida zaidi kuthibitisha kuwa imejiandaa.

Afueni ya mikopo na kipato

Hofu kubwa ya mwenye biashara iliyosimama ni marejesho ya mkopo, kwa kuwa dhamana mara nyingi ni nyumba au kiwanja cha familia. Mwezi Mei 2020, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hatua za kuongeza ukwasi katika uchumi. Riba inayotozwa na Benki Kuu kwa mabenki ilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 5, na kiwango cha amana ambacho mabenki hutakiwa kukiweka Benki Kuu kikapunguzwa kutoka asilimia 7 hadi 6. Mabenki yalielekezwa kujadiliana na wakopaji walioathirika ili kupanga upya masharti ya mikopo yao. Aidha, kikomo cha miamala ya simu kwa siku kilipandishwa kutoka Shilingi milioni 3 hadi milioni 5, hatua iliyopunguza ulazima wa kushikana noti.

Kupangiwa upya mkopo hakukuwa msamaha wa deni. Kulihitaji mkopaji aende benki mapema, akiwa na kumbukumbu za mauzo kabla na baada ya janga. Aliyekaa kimya hadi marejesho kadhaa yakapita alijikuta katika nafasi dhaifu ya kujadiliana.

Kwa wafanyakazi walioachishwa kazi, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii una fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia kwa muda usiopungua miezi 18 na kupoteza ajira bila hiari yake hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa kipindi kisichozidi miezi sita. Fao hilo lilimfaa mpishi au mhudumu aliyesajiliwa na mwajiri wake. Kibarua wa msimu ambaye hakuwahi kuchangiwa hakuwa na pa kushika, na hilo ni mojawapo ya mafunzo mazito ya kipindi hicho.

Njia nyingine ni mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kupitia vikundi vilivyosajiliwa. Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa ushuru wa nyumba za kulala wageni ni sehemu ya mapato ya halmashauri. Wageni wakikosekana, mfuko unaopaswa kuwasaidia wafanyabiashara nao hupungua. Ndiyo maana fedha kutoka nje ya eneo lililoathirika zilikuwa na umuhimu wa pekee.

Fedha za Mpango wa UVIKO-19 na chanjo

Tarehe 28 Julai, 2021 Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua utoaji wa chanjo ya UVIKO-19 kwa hiari na bila malipo. Tarehe 10 Oktoba, 2021 alizindua jijini Dodoma Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, wenye thamani ya Shilingi trilioni 1.3, kutokana na mkopo nafuu wa Dola za Marekani milioni 567.25 wa Shirika la Fedha la Kimataifa.

Sekta ya maliasili na utalii ilitengewa Shilingi bilioni 90.2. Sehemu ya fedha hizo ilielekezwa katika miundombinu ya hifadhi, ikiwemo ununuzi wa mitambo ya kutengeneza barabara, pamoja na kuimarisha upimaji wa virusi kwa watalii. Kwa ukanda wa magharibi, ambako udongo mweusi wa mfinyanzi hunasa magari wakati wa mvua, barabara inayopitika ndiyo humwezesha mgeni kuingia kwa lango la Ndabaka badala ya kuzungukia kwingine. Kila gari linalopita njia hiyo lina nafasi ya kusimama Bunda kwa mafuta, chakula au malazi.

Mtalii wa ndani

Wageni wa nje walipokosekana, nguvu zilielekezwa kwa Watanzania wenyewe. Kiingilio cha Serengeti kwa raia wa Afrika Mashariki ni Shilingi 10,000 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mtoto, kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kikwazo kwa wengi ni usafiri, kwa kuwa bodaboda haziruhusiwi hifadhini. Safari za vikundi kwa gari moja, ziwe za shule, watumishi, wanakwaya au wanandoa wapya, hupunguza gharama kwa kila mmoja.

Watalii wa ndani waliongezeka kutoka 788,933 mwaka 2021 hadi 2,363,260 mwaka 2022. Wageni hawa hula vyakula vya nyumbani na hutafuta malazi ya bei nafuu mjini, hivyo fedha zao huwafikia haraka mama lishe na nyumba ndogo za wageni.

Watalii wa kimataifa nao walifikia 922,692 mwaka 2021, wakawa 1,454,920 mwaka 2022 na 1,808,205 mwaka 2023, idadi iliyozidi ile ya kabla ya janga. Tarehe 5 Mei, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena.

Maandalizi kwa wakati ujao

Takwimu za kitaifa zinaonesha kuwa utalii umerejea, lakini aliyeuza gari au kufunga mgahawa mwaka 2020 hakurudishiwa mtaji na takwimu hizo. Wananchi wa Nyasura na maeneo mengine yanayopakana na hifadhi wanaweza kujikinga kwa hatua za mapema: kurasimisha biashara, kuandika mauzo ya kila siku, kuwaandikisha wafanyakazi katika hifadhi ya jamii, kujiunga na vikundi vinavyotambuliwa na halmashauri, na kuwa na bei na huduma zinazomfaa Mtanzania. Ofisi ya Mtendaji wa Kata na Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya Halmashauri ndipo mahali pa kuanzia kwa mwenye kuhitaji ufafanuzi.