Kiwanda cha Mbao Kando ya Mto Sigi

Natumaini kila mmoja wenu ana daftari lake mbele yake, na kalamu imekwisha kuchongwa. Leo ni zamu ya historia. Wiki hii hatutasoma habari za wafalme wala za vita, ingawa vita vitatupitia katikati ya somo. Tutasoma habari za mahali ambapo watu walifanya kazi, kisha wakaondoka.

Nianze kwa kuwaambia kosa langu mwenyewe. Mwaka juzi nilikuwa nikipita kwa miguu kando ya mto, wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Usambara ya Mashariki. Katika kichaka niliona jiwe refu la saruji, limelala chini kama kitanda, na juu yake vimechomoza vyuma vinne vyenye kutu. Nikamwambia kijana aliyenisindikiza, "Hili ni kaburi la Mjerumani." Akaitikia kwa heshima, maana mimi ndiye mwalimu. Tulipofika kijijini tukamkuta mzee mmoja barazani. Nilimwamkia, nikamweleza nilichokiona. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mwanangu," akasema, "kaburi hilo mimi nimelikoroga kwa koleo. Pale ndipo ilipokaa injini. Mjerumani alikuwa amekwisha kwenda zake zamani."

Mzee yule alianza kazi katika kiwanda kile cha kupasulia mbao mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 18. Tulirudi naye kesho yake, akanionyesha niliyoyapita bila kuyaona. Vyuma vinne ni bolti za kuikaza injini isiruke. Udongo mweusi pembeni, usioota hata majani, ni mafuta yaliyomwagika. Tuta la chini, laini, ambalo mguu unazama ukilikanyaga, ni unga wa mbao uliorundikwa miaka mingi ukaanza kuoza. Na ile njia pana iliyoteremka kutoka mlimani haikuchimbwa na mvua, ilichimbwa na magogo yaliyokuwa yakiburutwa.

Sasa, ndugu zangu, andikeni swali hili: kwa nini viwanda vya namna hii vilikuwa kando ya mto? Msikimbilie kujibu kwamba magogo yalielea majini. Miti mingi ya misitu yetu ni mizito. Ikiwa mibichi huzama, na mito ya milimani ina mawe. Sababu ni nyingine. Mashine za zamani ziliendeshwa kwa mvuke, na boila hunywa maji mchana kutwa kama ng'ombe. Penginepo maji yenyewe yalizungusha gurudumu la kuendesha msumeno. Tena bonde la mto ndipo mahali pa chini, na gogo ni rahisi kuliteremsha kuliko kulipandisha.

Tufanye hesabu kidogo. Chukueni gogo lenye urefu wa mita 4, na upana wa sentimita 80 kutoka ganda hadi ganda. Ukubwa wake ni karibu mita 2 za ujazo, na likiwa bichi uzito wake hukaribia tani 2, yaani magunia 20 ya kilo 100. Hayo ni magunia 20 ambayo hayagawanyiki, yamelala juu ya mteremko wa utelezi. Likifika msumenoni, karibu nusu tu ndiyo itakayokuwa mbao za kuuza. Nusu nyingine ni mabanzi na unga. Mabanzi yalitiwa motoni chini ya boila, kwa hiyo kiwanda cha mvuke kilijipikia kwa makapi yake.

Kama kwenu mna mlango au dari ya mbao za zamani ambazo hazikupigwa randa, utazameni vizuri kwa taa ya upande. Mkiona mikwaruzo iliyopinda kama upinde, mjue zimepasuliwa kwa msumeno wa duara, wa mashine. Mikwaruzo ikiwa imenyooka lakini haikulingana, huu mpana, huu mwembamba, hapo palikuwa na watu wawili: mmoja juu ya gogo, mwenzake shimoni, wakivutana msumeno, na yule wa chini akila unga. Huko nako ni kusoma.

Haya, sasa tuhame kidogo. Tuliache lile jiwe la mzee wetu, twende mahali penye jina na tarehe: Sigi, ambapo wengine hupaita Zigi, chini ya Amani.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905. Mwaka 1902 walianzisha Amani chuo cha utafiti wa mimea na kilimo. Kampuni yao moja ya mbao ilitazama misitu ile na kuona mali. Kati ya mwaka 1904 na 1910 ikajenga reli yake ndogo, karibu kilomita 23, kutoka Tengeni kwenye reli kubwa mpaka Sigi, na kiwanda cha kupasulia magogo kikawa huko bondeni. Upana wa reli hiyo ulikuwa milimita 750, na ule wa reli kubwa milimita 1,000. Mmeona taabu iliyomo ndani ya tarakimu hizo mbili? Behewa la reli ndogo haliwezi kupita juu ya reli kubwa. Kila ubao uliotoka Sigi ulipofika Tengeni ulishushwa kwa mikono, ukapakiwa upya, ndipo ukaenda Tanga bandarini.

Mti uliotafutwa zaidi ulikuwa mvule. Hauliwi na mchwa upesi, na fundi seremala yeyote wa pwani atakwambia sifa zake. Lakini mvule hauoti kama shamba la mahindi, mmoja karibu na mwenzake. Msitu wa Usambara una miti ya aina nyingi mno iliyochanganyika, na mfanyabiashara aliyetaka aina mbili tatu ilimbidi akate njia ndefu kuufikia mti mmoja. Pia mvule una siri. Ndani yake mara nyingine huwa na mawe magumu, meupe, yaliyojitengeneza katika mti wenyewe. Mzee wangu alisema waliyajua kwa sauti: msumeno ukianza kulia vibaya, kila mtu anaruka nyuma, kisha fundi wa tupa anakaa nusu siku kunoa meno. Wenye kampuni walihesabu miti; taabu ya kuitoa hawakuihesabu vya kutosha. Hayo ni maoni yangu.

Na ni nani aliyevuta magogo hayo? Hapa ndipo karatasi zinapotunyima. Vitabu vya wakati ule vina urefu wa reli, upana wa reli na majina ya miti kwa Kilatini. Majina ya wafanya kazi ni haba. Twajua haya: kodi ya kibanda ilianza mwaka 1898, ikalipwa kwa rupia, na mtu asiye na rupia ilimlazimu azitafute kwa mzungu. Katika wilaya jirani ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, tangu mwaka 1907 kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi kwa Wazungu siku 30 katika kila miezi minne. Twajua pia kwamba Wanyamwezi walitembea kutoka mbali kuja mashamba ya Usambara. Wabondei na Wasambaa walikuwa hapo hapo, na msitu uliokatwa ulikuwa ndio walikopata dawa, kuni, asali na mahali pa kutambikia.

Vita vya kwanza vya dunia vikaja. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Tanga na Usambara, na mali ya Wajerumani ikachukuliwa kuwa mali ya adui. Reli ndogo ya Sigi haikudumu. Vyuma viling'olewa, na leo njia yake yafuatwa na watu wa miguu.

Msidhani msitu ulipumzika. Chai ilipandwa juu, viwanda vingine vya mbao vikaja, vikubwa na vidogo, na hapo ndipo lilipo lile jiwe la injini. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga kilipata mashine kwa msaada wa Ufini, na magari makubwa yakaingia misituni. Wataalamu wakaanza kupiga kelele: miti ile huzuia mvua isiteremke yote kwa siku moja, na Mto Sigi, kupitia bwawa la Mabayani, ndio unaowanywesha watu wa mji wa Tanga. Katikati ya miaka ya 1980 ukataji ule ukasimamishwa. Ufini yenyewe ikageuka, ikasaidia kuhifadhi. Mwaka 1997 Serikali ikatangaza Hifadhi ya Asilia ya Amani. Nyumba ya Kijerumani ya mkuu wa stesheni pale Sigi ilitengenezwa upya, ikawa mahali pa kuwapokea wageni.

Njiani nitaje kitu kidogo. Kwenye mawe yenye maji na kivuli, huko Usambara, huota ua la zambarau lisilofika hata shibiri moja. Afisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mimea hiyo kwao, na mwaka 1893 ikapewa jina la kitaalamu, Saintpaulia. Leo limo madirishani mwa watu Ulaya na Marekani, kwa mamilioni. Kwao hapa, mti wa juu ukiangushwa na jua likapiga lile jiwe, ua hukauka.

Sasa nina jambo linalonisumbua. Tuliporudi kwenye lile jiwe la saruji mara ya pili, miezi michache baadaye, tulikuta limevunjwa vipande. Pembeni palikuwa na shimo la urefu wa mtu. Vijana walikuwa wamesikia kwamba Mjerumani alizika dhahabu chini yake. Bolti zilikuwa zimekwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mzee alisimama kimya, akachungulia shimoni, kisha akasema, "Wangeniuliza mimi. Chini pale tuliweka kokoto na ndoo moja mbovu."

Hawakumwuliza. Nami sikuwakasirikia sana, maana mwaka juzi hata mimi nilitoa jibu kabla ya kuuliza.

Kazi ya wiki hii ni hii. Kila mmoja atafute mahali pa kazi palipoachwa karibu na kwake: kinu, karakana, stesheni, shamba la mkonge, gati, hata tanuri la chokaa. Asichimbe wala asichukue kitu. Apime kwa hatua zake, achore picha, kisha atafute mtu aliyefanya kazi pale, au mtoto wa mtu huyo. Amwulize mambo matatu: alilipwa nini, alikula nini mchana, na wenzake waliitwa nani. Majina yaandikwe yote, moja kwa kila mstari, kwa herufi zinazosomeka. Kama hamna hakika ya tahajia ya jina, mwulizeni mwenyewe alitamke polepole. Mzee wangu alinitajia watu 11 wa zamu yake, na ilinibidi niazime karatasi ya pili kwa kijana wangu.

Madaftari yaletwe darasani siku ya somo lijalo. Kwaherini.