Msimu wa 1951 wa Chuo Kikuu cha San Francisco
Mwaka 1951, timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco, iliyofundishwa na Joe Kuharich, ilishinda mechi zake zote 9 za futiboli ya Kimarekani, yaani mchezo ambao mpira wa umbo la yai hubebwa au kurushwa hadi eneo la mwisho la wapinzani. Ilipodokezwa kwamba ingealikwa kwenye mechi ya heshima ya kufungia msimu iwapo ingewaacha nyumbani wachezaji wake weusi, Ollie Matson na Burl Toler, wenzao walikataa. Chuo, kilicholemewa na gharama, kiliivunja timu baada ya msimu huo. Hata hivyo, uamuzi wa wachezaji wa kutowaacha wenzao, uliotanguliza utu, unastahili heshima kuliko taji lolote.