Magari ya sentimita 20 na mji ambao haujawahi kuwepo

Elgin Park, ule mji wa kwenye picha ninazotaka kuwasimulia leo, haujawahi kuwepo. Hakuna aliyezaliwa huko, hakuna aliyezikwa huko. Lakini picha zake zipo, tena nyingi: magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yameegeshwa mbele ya maduka, lami, nyumba za mbao, miti halisi kwa nyuma, mwanga wa jioni ukiteleza juu ya boneti. Unatazama na unaamini. Halafu unaambiwa kwamba kila gari unaloliona hapo ni fupi kuliko rula ya shule.

Mimi kazi yangu ni habari, na kwenye kazi hii picha ni ushahidi. Ndiyo maana hawa watu wanaopaka rangi vigari vya mfano na kuvipiga picha wameninyima usingizi kidogo. Nilianza kwa kutaka kujua wanafanyaje, nikajikuta nafuatilia historia ndefu. Na historia yenyewe ina kitu cha ajabu: zamani kigari kidogo kilitangulia gari kubwa. Siku hizi kinalifuata kwa nyuma.

Tuanzie kwenye rangi, maana bila rangi hakuna hadithi hapa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, kupaka gari rangi nzuri ilikuwa kazi ya wiki kadhaa. Unapaka, unasubiri ikauke, unapiga msasa, unapaka tena. Kisha kampuni ya DuPont ikaleta Duco, rangi iliyokauka kwa saa badala ya siku, na kwa msimu wa 1924 General Motors ikaiuza kwenye magari yake ya Oakland, ya buluu. Kiini cha rangi ile kilikuwa nitroselulosi. Na nitroselulosi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikitengenezewa mikanda ya sinema na ya picha. Yaani mng'ao wa gari na picha ya gari vilitoka kwenye chungu kimoja!

Sasa twende mwaka 1930. Marekani imeshaingia kwenye mdororo mkuu wa uchumi, watu wanapanga foleni za supu. Fisher Body, watengeneza bodi waliokuwa chini ya General Motors, wakaanzisha chama cha vijana kilichoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Mashindano ya kwanza yalikuwa magumu hadi unacheka: tengeneza kwa mikono yako mfano wa gari la farasi la kifalme, la mtindo wa enzi za Napoleon, lile lililokuwa nembo ya kampuni. Magurudumu, milango inayofunguka, mapazia, nakshi, rangi, kila kitu. Zawadi kubwa ilikuwa ufadhili wa chuo kikuu wenye thamani ya dola 5,000. Kwa kijana ambaye baba yake hana kazi, hilo halikuwa jambo la kupoteza muda.

Kuanzia mwaka 1937 wakafunguliwa mlango wa kubuni gari la kisasa. Hapo ndipo mambo yalipokolea. Hakukuwa na boksi la kununua lenye vipande vya kuunganisha. Mvulana alianza na karatasi, akafinyanga udongo, akachonga mti, kisha akaanza mateso ya rangi: tabaka, msasa, tabaka, msasa, hadi mbao zisahau kwamba ziliwahi kuwa mbao. Sisi tuliokua na magari ya makopo ya mafuta ya kula, matairi ya kandambili, tunaielewa sehemu ya kwanza ya kazi hiyo. Sehemu ya rangi ndiyo ilitupita.

Nimesema mvulana, na nilimaanisha hivyo. Wasichana hawakuruhusiwa kushindana, kuanzia mwanzo hadi chama kilipofungwa mwaka 1968. Hili halisemwi vya kutosha na wazee wanaoukumbuka mchezo huu kwa machozi. Kampuni haikuwa inafanya hisani tu. Ilikuwa inatafuta wabunifu wa kesho, na ilikuwa imeshaamua kwamba kesho ina ndevu.

Na iliwapata kweli. Charles Jordan alishinda mwaka 1947, akaajiriwa General Motors, na kuanzia 1986 hadi 1992 ndiye aliyekuwa mkuu wa ubunifu wa kampuni nzima. Hebu fikiria: kigari cha mbao cha kijana kikamfikisha kwenye kiti cha kuamua sura ya mamilioni ya magari. Mle ndani ya studio nako utaratibu ulikuwa ule ule. Tangu Harley Earl alipokabidhiwa idara ya sanaa na rangi ya General Motors mwaka 1927, gari lilianza kama kitu cha kufinyangwa kwa udongo kabla halijawa chuma. Kidogo kwanza, kikubwa baadaye.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 1948, tena kwa sababu za biashara tu. Kampuni ya AMT ya Michigan ilianza kuwauzia mawakala wa magari vigari vya matangazo, vilivyopakwa rangi zile zile za kiwandani. Mteja akiingia dukani anakiona kigari, anaitazama rangi mkononi, anaagiza gari. Mtoto wake anaondoka na kigari. (Plastiki ya miaka ile ilikuwa na kawaida ya kupindapinda kadiri ilivyozeeka, ndiyo maana leo ukimkuta mzee mwenye kigari kilichonyooka, jiandae kusikiliza hotuba.)

Mwaka 1958 AMT ikatoa maboksi ya kuunganisha mwenyewe kwa kipimo cha 1/25, ambapo kwa seti moja ungeweza kujenga gari kama lilivyotoka kiwandani, au la kujipambia, au la mashindano. Ghafla meza za jikoni Marekani nzima zikanuka gundi. Zilinuka kupita kiasi, kwa kweli. Vijana walianza kuinusa kwa makusudi ili walewe, na mwaka 1969 kampuni ya Testors ikaamua kutia mafuta ya haradali kwenye gundi yake ili pua iwake moto. Suluhisho la akina mama, lakini nalipenda.

Boksi lilikuwa na faida yake, lakini liliondoa kitu kimoja. Yule kijana wa Guild alikuwa anabuni gari ambalo halijakuwepo. Kijana wa boksi alikuwa anajenga gari ambalo jirani tayari analo. Na alipokua mtu mzima akarudia mchezo, alijenga gari ambalo jirani alikuwa nalo zamani, kabla jirani hajafa. Ubunifu ukahamia kwenye rangi, na hapo ndipo kuna fundi na kuna fundi.

Ugumu wenyewe ni huu. Rangi ya gari halisi ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiipunguza mara 25, kigari chako kinatakiwa kiwe na rangi ya unene wa maikroni 4 hivi, ambayo haiwezekani kwa kopo la kawaida. Ukipuliza vizuri sana ukabaki na maikroni 50, ni sawa na kulipaka gari halisi rangi ya unene wa zaidi ya milimita moja: mistari ya milango inaanza kujaa, herufi za jina la gari zinazama. Rangi zenye chembe za metali ni balaa zaidi, kwani chembe haijui kwamba iko kwenye kitu kidogo. Inang'aa kama kokoto. Kwa hiyo mafundi wanapuliza tabaka jembamba sana, wanasugua kwa msasa laini wa maji, wanang'arisha kwa mkono. Wengine wanaififisha rangi kidogo kwa makusudi, kwa sababu gari unaloliona kwa mbali huwa limepauka, na kigari cha mezani ni gari lililo mbali.

Halafu inakuja kamera, ambayo haina huruma. Ukiisogeza karibu na kitu kidogo, taa za mbele zinaonekana vizuri na bampa la nyuma linakuwa ukungu. Ukungu huo ndio unaokwambia mara moja kwamba hiki ni kitu cha kuchezea, hata kama rangi imepigwa na malaika.

Hapa ndipo anapoingia Michael Paul Smith, Mmarekani aliyezaliwa karibu na Pittsburgh mwaka 1950. Huyu aliwahi kutengeneza mifano ya majengo na maonyesho ya makumbusho, akabandika na karatasi za ukutani. Vigari vyake alinunua, vya chuma, kipimo cha 1/24. Nyumba alizijenga mwenyewe. Kisha alibeba vyote nje, akavipanga juu ya meza mbele ya mtaa halisi, akapima umbali hadi mitaa miwili, wa mezani na wa kweli, ilingane, akapiga kwa kamera ndogo ya kawaida. Udogo wa kamera ndiyo ilikuwa siri: kamera za namna hiyo zinaweka karibu kila kitu wazi, cha mbele na cha nyuma. Na lenzi aliishusha. Jicho la mtu mzima aliyesimama, kwa kipimo hicho, liko chini ya sentimita 7 kutoka ardhini. Ukipiga kutoka juu zaidi ya hapo unakuwa jitu, na jitu haliamini.

Picha zake alizoweka Flickr zilitazamwa na mamilioni ya watu. Wengi walidhani ni picha za zamani. Wengine walitamani kuhamia. Mimi nilipozitazama mara ya pili niligundua kwamba mitaani hakuna mtu hata mmoja. Smith alisimulia hadharani kwamba alionewa sana utotoni, katika miaka hiyo hiyo anayoipiga picha, na Marekani ya miaka ile ilikuwa bado inawatenga weusi kwa sheria katika majimbo ya kusini. Mji wenye watu ungelazimika kujibu maswali hayo. Mji wa magari matupu haujibu lolote, na kila anayeutazama anajiweka mwenyewe kwenye usukani.

Lakini siwezi kumwita mwongo. Pamoja na picha zake za mji, Smith alitoa pia picha za nyuma ya pazia: meza, ukingo wa ubao ambapo barabara ya bandia inakatika, na mtaa halisi ukiendelea pale pale. Alifariki mwaka 2018. Vitabu vyake viwili vya picha, cha 2011 na cha 2015, vipo. Ukivipata, anza na mji, kaa nao dakika kumi, ndipo utafute meza.