Hospitali ya Baba: Hoja Kongwe Dhidi ya Tiba ya Serikali Mjini Kolwezi

Tangu Septemba 2023, serikali ya Kongo ilipotangaza mjini Kinshasa kwamba mwanamke atajifungua pasipo kulipa na kichanga chake kitatunzwa bila malipo, mageuzi yenye nia ya kumfikishia kila raia tiba yamekuwa yakienda mikoani kwa mwendo wa taratibu. Na hapa Kolwezi hayakupokewa kwa vigelegele vitupu. Miongoni mwa wazee waliokula posho ya Gécamines, kampuni kubwa ya shaba ya hapa, kuna hoja isemwayo kwa utulivu, bila ya ghadhabu, kwamba serikali haikujaliwa kuendesha hospitali, na kwamba aliyeliweza jambo hilo alikuwa mmoja tu, nayo ni kampuni. Hoja hiyo ina umri mkubwa kuliko wasemaji wake, na walioijenga kwanza hawakuwa wafanyakazi.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, na katika miaka yake ya mwanzo maradhi yaliwamaliza kambini vijana wengi waliotolewa mbali kuja kuchimba shaba. Sheria ya mkataba wa kazi ya 1922 ilimtwika mwajiri wajibu wa kumlisha, kumlaza na kumtibu mtu wake, na kwa hivyo serikali ya kikoloni ikajitua mzigo ambao haikuutamani sana. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikaacha desturi ya kuajiri wanaume wapweke kwa miezi michache, ikawaweka kambini pamoja na wake zao kwa mikataba ya miaka mitatu. Kolwezi, mji ulioanza 1937, ulizaliwa ndani ya siasa hiyo.

Mhimili wa siasa hiyo alikuwa tabibu, Dk. Léopold Mottoulle, naye alieleza itikadi yake bila ya kuficha katika kijitabu kilichopigwa chapa Brussels mwaka 1946: mfanyakazi Mwafrika ni mithili ya mtoto, na kampuni ndiyo mlezi wake. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambaye kitabu chake cha 2001, Bana Shaba abandonnés par leur père (Watoto wa Shaba waliotelekezwa na baba yao), ndicho nilichokiegemea zaidi katika makala haya, ameonyesha jinsi malezi hayo yalivyoingia hadi chumbani. Mila ilimtaka mama anyonyeshe miaka miwili au mitatu, na muda huo asikutane na mumewe. Mottoulle, aliyewatamani watoto wengi ili wawe wachimbaji wa kesho, aliiona mila hiyo kuwa adui wa hesabu zake. Basi zikafunguliwa kliniki za watoto, akina mama wakapangwa safu, mtoto akavuliwa nguo na kulazwa juu ya mizani, uzito wake ukaandikwa, na maziwa na uji vikatolewa ili aachishwe ziwa mapema. Kwa mama asiyefika ilikuwako dawa moja, nayo ni kupunguziwa posho. Wengi walikawia, wengine walishikilia la bibi zao, na mimi sithubutu kuuita ukaidi huo ujinga, maana mwanamke yule alitambua kwamba mtu ampimaye mtoto wako kila juma ana haja naye. Hata hivyo vifo vya watoto kambini vilishuka, na ni haki kulisema hilo; na mabinti wa wanawake wale wale walipokuwa watu wazima, wakaihesabu mizani hiyo kuwa sehemu ya heshima ya mke wa mchimbaji.

Katika fikra hizo serikali haikuwa na nafasi. Mpango wa madaktari wa serikali ya kikoloni, Dk. Van Hoof na Dk. Duren, ulioingizwa katika Mpango wa Miaka Kumi wa serikali hiyo wa 1949, ulikusudia kuipa kila wilaya hospitali na zahanati zake, lakini mtu wa kambini hakuwa na sababu ya kuutazama, ilhali jirani yake wa kijijini, aliyeishi nje ya uzio, hakuwa na ruhusa ya kuingia kwa daktari wa kampuni. Uhuru ulipofika 1960 nchi nzima haikuwa na tabibu Mkongo mwenye shahada. Union Minière ilipotaifishwa 1967, na hatimaye kuitwa Gécamines, hospitali zake zikawa mali ya dola kwa hati tu, kwani lango likabaki la kampuni.

Septemba 1978 mataifa yalikutana mjini Alma-Ata na kuahidi afya ya msingi kwa wote, na baadaye Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, ikagawanywa kuwa zoni za afya 306. Kuanzia 1987 Mpango wa Bamako ukahalalisha mgonjwa kuchangia gharama, na tangu hapo neno serikali na neno malipo yakaoana masikioni mwa watu.

Wapinzani wa tiba ya umma si wetu peke yetu. Chama cha madaktari wa Marekani kilitumia fedha nyingi kuuangusha mpango wa bima ya afya wa Rais Truman, na nchini Kenya muswada wa bima ya afya wa Waziri Charity Ngilu ulipita bungeni 2004, kisha Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi, baada ya kupingwa na waajiri na kampuni za bima. Tofauti ni kwamba huko wapinzani walikuwa wenye mali, ilhali kwetu aliyeathirika zaidi ndiye mtetezi wa mfumo wa zamani.

Na aliathirika kweli. Baada ya mgodi wa Gécamines wa Kamoto kuporomoka 1990 uzalishaji ulianguka, na mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wakapokea kitita ambacho wengi wao hadi leo wanadai kilikuwa pungufu kuliko haki yao, na pamoja na kazi wakapoteza hospitali na shule ya watoto. Hoja ya wakopeshaji ilikuwa kwamba kampuni ya shaba ishughulike na shaba, na tiba iachiwe serikali. Serikali ambayo wakati ule haikuwa na chochote cha kuipokelea.

Kanuni mpya ya madini ya 2018 inazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii, nazo hujenga zahanati. Fedha hizo husimamiwa na chombo maalumu ambamo wajumbe wa kampuni wamo, na katika mji huu wenye zoni mbili za afya, Dilala na Manika, mama mjamzito bado huuliza kwanza jengo hili ni la nani kabla ya kuuliza daktari yuko wapi.